Sindano Imekwisha, Maneno Bado

Mliponiomba niandike juu ya miaka yangu ya kazi, jibu langu la kwanza lilikuwa kwamba sina la kuandika. Nilikaa siku mbili nikiamini hivyo. Siku ya tatu nikagundua kwamba jibu hilo ndilo ugonjwa wenyewe, na kwamba habari ya namna nilivyougua na nilivyotibiwa inaweza kuwafaa ninyi mnaobaki na ng'ombe. Vyeo na mishahara vimo kwenye jalada langu. Anayevitaka avisome huko, havichekeshi.

Nilipangiwa kata ya Nkololo nikiwa binti mwembamba aliyetoka chuo cha mifugo na begi moja, buti za mpira zilizonizidi namba mbili, na koleo la kuhasi lililokuwa zito kuliko begi. Ofisi yangu ilikuwa nusu ya chumba. Nusu nyingine ilikuwa ya mtendaji wa kata pamoja na magunia ya mbegu za pamba ambayo hakuna aliyekumbuka ni ya nani.

Asubuhi ya kwanza akaja mzee mmoja mrefu, Mzee Masunga, mwenye ng'ombe wengi kuliko alivyokuwa tayari kusema. Alisimama mlangoni, akanitazama, kisha akatazama nyuma yangu, ndipo akaniamkia kwa kilugha na kuniita mama.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka, baba."

"Bwana mifugo yuko wapi?"

"Ndiye mimi, baba."

Akafikiri. "Wewe ni mke wake?"

"Hapana, baba. Bwana mifugo ni mimi."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa kwamba gari limeharibika njiani. "Sawa," akasema, "basi tutamsubiri."

Akaketi kwenye gunia la mbegu. Na mimi, badala ya kuchukua begi langu na kumuuliza ng'ombe anaumwa nini, nikachemsha chai, nikaketi naye, tukasubiri. Tulimsubiri bwana mifugo mpaka saa nane mchana. Mtendaji aliporudi kutoka kwenye kikao akatukuta hivyo, akauliza tunamsubiri nani. Mzee akasema, "Bwana mifugo." Mtendaji akanitazama mimi. Mimi nikatazama chai.

Hivyo ndivyo nilivyoanza kazi. Si kwamba sikujua kazi, chuoni nilifaulu. Ila nyumbani kwetu nililelewa nikiitwa mzito. Mama alikuwa akisema ukimtuma Minza chumvi, mboga inaungua akiwa bado anatafuta kandambili. Mtu akisikia hayo miaka kumi na minane, hahitaji Mzee Masunga kumwambia kwamba bwana mifugo bado hajafika.

Wiki iliyofuata nilikabidhiwa kwa Mzee Malimi ili anifundishe. Alikuwa mtaalamu wa mifugo wa zamani, mfupi, mwenye kofia ya pama iliyokuwa imeliwa na ndama upande mmoja. Alinifundisha mambo ambayo chuo kiliyaruka. Kipimajoto, kwa mfano, kifungwe uzi, na ncha ya uzi ibanwe kwenye manyoya ya mkia kwa kibanio cha nguo. Nilidhani ni ushamba, nikapima bila uzi. Ng'ombe akakimeza kwa upande ambao chuoni hawakututajia. Tulimsubiri mchana wote arejeshe mali ya serikali, na mwenye boma alituletea viti.

Lakini jambo lililonishangaza kwa Mzee Malimi lilikuwa jingine. Kila alipomaliza kazi alinawa mikono, akasimama mbele ya mnyama, akavua kofia, na kusema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayesoma orodha ya wanafunzi:

"Malimi, leo umefunga kamba vizuri. Hukumpiga mnyama. Sindano umeichoma mara moja tu. Wabeja, Malimi."

Anajishukuru mwenyewe! Kisha anavaa kofia, tunaondoka.

Mara ya kwanza nilidhani kuna mtu nyuma yake. Mara ya pili nilidhani jua limemwingia. Mara ya tatu nikauliza.

"Baba yangu," akasema, "kila jioni alikuwa anawasifu ng'ombe wake zizini. Mmoja mmoja, kwa jina. Huyu ana pembe nzuri, huyu anatoa maziwa bila kurusha teke. Sisi watoto tulikuwa kumi na mmoja, tumesimama pale pale tumeshika vibuyu. Nilisubiri zamu yangu mpaka nikaota ndevu. Nikaona kusubiri ni kupoteza muda, nikaanza mwenyewe."

"Sasa si ni majivuno hayo, mzee?"

"Majivuno ni kusema wewe ni mtu wa maana. Mimi nimesema nimefunga kamba vizuri. Nenda kaikague."

Nilikwenda. Kamba ilikuwa imefungwa vizuri.

Kuna siku ng'ombe alitufia mikononi, kwa ndigana kali iliyokuwa imeshafika mbali. Nilijua kwamba siku hiyo atanyamaza. Akanawa, akavua kofia, akasema mbele ya mwenye mali, "Malimi, leo umeshindwa. Lakini ulikuja mapema, na hukumdanganya mwenye ng'ombe." Mwenye ng'ombe, aliyekuwa na machozi, akamkamatia kuku. Nimehudhuria semina nyingi tangu siku hiyo, nyingine zikiwa na chakula kizuri, lakini sijafundishwa kitu kikubwa kuliko hicho.

Kujifunza, hata hivyo, sikujifunza. Niliona yale ni mambo ya Malimi, kama kofia yake. Aliyenilazimisha ni Mzee Masunga.

Ndama wake mmoja aliugua, tezi zimevimba chini ya masikio, joto juu. Mzee Malimi alikuwa na malaria, nikaenda peke yangu. Nilipima joto, safari hii kwa uzi na kibanio, nikachoma sindano, nikaeleza habari ya kupe na josho, nikaanza kufunga begi. Mzee Masunga hakusogea.

"Hujamalizia," akasema.

"Dawa nimemaliza, baba. Nyingine kesho kutwa."

"Sindano imekwisha. Maneno bado."

"Maneno gani?"

"Yale anayosema Malimi. Malimi akichoma sindano, anasema maneno, ng'ombe anapona. Wewe umechoma sindano umenyamaza. Unataka ndama wangu afe?"

Nikaelewa. Kumbe kata nzima ya Nkololo, kwa miaka yote ile, ilikuwa ikiamini kwamba zile shukrani za Mzee Malimi ni sehemu ya dawa. Nikajaribu kueleza. Nikasema dawa inafanya kazi ndani ya damu, haina masikio. Mzee Masunga akasikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Sawa. Sasa sema maneno." Wake zake wawili walikuwa wamesogea. Watoto walikuwa wamepanda kwenye uzio wa miiba, sijui kwa namna gani, ili waone vizuri.

Nikavua kofia, maana nilifikiri labda nayo ni lazima.

"Minza," nikasema, "hujambo."

"Hiyo ni salamu," akasema Mzee Masunga.

"Minza, umejitahidi."

"Kila mtu anajitahidi. Hata kupe anajitahidi. Umefanya nini?"

"Umechoma sindano mahali panapotakiwa."

"Kwa sauti. Na jingine?"

"Na hukuogopa."

"Uliogopa. Nilikuona miguu."

"Niliogopa kidogo."

"Basi sema hilo. Malimi hasemi uongo, ndiyo maana wanapona."

Nikavuta pumzi. "Minza, umemwogopa mama yake huyu ndama, lakini umeingia zizini. Wabeja, Minza."

Mzee Masunga akageuka kwa wake zake. "Haya," akasema, "sasa atapona." Na mimi akanitazama usoni, kwa mara ya kwanza tangu tunywe chai ya kumsubiri mtu. "Karibu uji, bwana mifugo."

Ndama alipona. Dawa ilikuwa nzuri na tuliwahi, lakini nenda ukamwambie hayo Mzee Masunga. Tangu siku hiyo sikuruhusiwa kutoka kwenye boma lolote bila maneno. Wapo waliosema maneno ya Malimi ni makali zaidi, yanafaa kwa madume, na yangu ni laini, yanafaa kwa ndama na mbuzi. Jamaa mmoja aliniambia, "Sindano acha, zinawaumiza. Nisaidie maneno tu." Nilikataa, ingawa nakiri nilijisikia vizuri.

Kujisikia vizuri ndiko kulikonipeleka pabaya, na hili nawaandikia ninyi mnaopenda kujipongeza kwenye simu kabla kazi haijaisha. Niliitwa kuhasi dume la kijana mmoja aliyetaka maksai wa kulimia pamba. Nilibana kulia, nikabana kushoto, nikavua kofia, nikatamka mbele ya watu: "Minza, umebana kama mtu aliyezaliwa na koleo mkononi!" Watu wakapiga makofi. Utaratibu ni kurudi baada ya wiki kadhaa kukagua kama kokwa zimesinyaa. Sikurudi. Ningerudi kukagua nini, na nilishasema?

Msimu uliofuata kijana alikuja ofisini. Hakuwa na hasira, alikuwa na uchovu. Akasema, "Dada, maksai wangu amepata watoto watatu. Wawili ni kwa jirani."

Nilienda na Mzee Malimi kurudia kazi. Kijana alisimama pembeni, akasema tu, "Na ulisema kwa sauti." Njiani kurudi, Mzee Malimi alicheka mpaka akasimamisha baiskeli. Kisha akasema, kama baba kwa mwanawe, "Hukukosea kujisifu, ng'wanawane. Umekosea kusifu mkono kabla ya kukagua ulichobana." Na akanitaka niseme na hilo, pale pale barabarani, mbele ya mbuzi wa watu: Minza, ulibana vibaya upande wa kushoto, na leo umerudi kusema ni kosa lako. Nikasema. Nilishangaa kwamba hata hiyo ilikuwa sifa.

Mzee Malimi alistaafu, na mimi nikahamishiwa Kimali, wilaya ya Meatu. Kule hakuna aliyejua habari za maneno. Nilichoma sindano, nikafunga begi, nikaondoka, na hakuna aliyenizuia. Nikaacha. Nilirudi kuwa Minza wa chumvi na kandambili, isipokuwa sasa nilikuwa na pikipiki. Kila mwaka tulijaza fomu ya kujipima, kuna sehemu imeandikwa "Eleza mafanikio yako." Mimi niliandika: "Kazi inaendelea." Mkuu wangu aliniita mwaka mmoja, akaniuliza kama hilo ni jibu au ni taarifa ya ujenzi.

Hapo ndipo kesi ya Mzee Jilala iliponikuta.

Mzee Jilala alikuwa anamwoza binti yake. Wageni wanakuja kutoka mbali, mbuzi wamefungwa tayari, masufuria yamekopwa kijiji kizima. Asubuhi ya siku yenyewe fahali wake mkubwa, ambaye hakuwa kwenye mpango wa kuchinjwa, akaanguka akafa. Hakuwa ameugua. Niliitwa kwa adabu tu, nije niseme nyama iko salama ili waanze.

Nilipofika nilimkuta amevimba, miguu haijakakamaa, na damu nyeusi inatoka puani na haigandi. Nadhani mnajua nilichokiona. Nikawaambia wanaume wenye visu warudi nyuma.

"Hii inaonekana ni kimeta," nikasema. "Huyu hapasuliwi. Haliwi. Anafukiwa na ngozi yake."

Wote wakasema kwa pamoja.

"Tutaichemsha sana, mayu," akasema Mzee Jilala.

"Vimelea vyake havifi kwa moto wa jikoni, baba. Na yule atakayepasua ndiye wa kwanza kuumia, kabla hata moto haujawashwa."

"Babu zetu walikula."

"Wapo waliokula na hawakupata nafasi ya kuwa babu wa mtu."

Hili halikuwafurahisha. Walikuwa watu kama arobaini, na mimi nilikuwa mmoja, na mtendaji alikuwa safarini. Maneno mazuri ya kuwashawishi sikuwa nayo. Kupiga kelele siwezi. Nikavaa glavu, nikachukua damu kidogo kwenye sikio kwa ajili ya maabara. Halafu, kwa kuwa sikujua la kufanya, nikaomba kigoda, nikakiweka karibu na kichwa cha fahali upande upepo unakotoka, nikafungua mwavuli, nikakaa.

Walisubiri niondoke. Sikuondoka.

Saa tano waliniita nikasalimie wazee. Nikasema nitawasalimia kutoka hapa, nikawapungia mkono. Saa sita akaja kijana mmoja akasema bosi wangu ananipigia simu. Mtandao wa Kimali wakati huo ulipatikana juu ya kichuguu kimoja tu, na kichuguu kilikuwa mbali. Nikamwambia, "Mwambie nipo kazini." Saa saba wakaniita kula. Nikasema nina njaa kweli, niletewe. Wakaniletea ugali na kuku. Nilivua glavu, nikanawa kwa sabuni mara mbili, nikala mbali kidogo huku nimemwelekea fahali, nikarudi kwenye kigoda. Mwenyekiti wa kitongoji akaja na daftari, akasema anaandika malalamiko, jina langu linaandikwaje. Nikamtajia herufi moja moja. Mwanamume mwenye kisu kikubwa kuliko vyote alikuja akasimama mbele yangu muda mrefu.

"Wewe mama," akasema, "huchoki?"

"Nachoka, kaka. Lakini mimi nikikaa ni mzito kunyanyuka. Ni tabia yangu tangu utoto."

Nilisema hivyo kwa kujitetea, na maneno yaliponitoka nikayasikia kama yamesemwa na mtu mwingine. Ni tabia yangu. Ile ile iliyounguza mboga za mama. Mwingine aliye mwepesi, mwenye haraka, msikivu kwa watu, angekuwa ameshakwenda kusalimia wazee, na hao wakubwa na watoto wangekuwa wameshika nyama mikononi.

Mwishowe alikuja mke wa Mzee Jilala, mama wa bibi harusi, na jembe begani. Alinitazama, akamgeukia mumewe.

"Huyu haondoki," akasema. "Mtu wa namna hii namjua, nimezaa mmoja. Mtakaa naye hapa mpaka mjukuu azaliwe. Chimbeni shimo, wageni wanafika."

Akaanza kuchimba mwenyewe. Wanaume wakaona aibu, wakamnyang'anya jembe. Shimo lilikwenda chini sana, maana walichimba kwa hasira, nayo inafaa kwa kazi hiyo. Tukamwaga chokaa, tukafukia, nikawaambia wachome majani na udongo uliolowa damu. Wageni walikula mbuzi, na hakuna aliyeugua.

Hakuna aliyenishukuru pia. Nilipowasha pikipiki, mwenyekiti alinikumbusha kwamba malalamiko bado yapo pale pale. Nilifika kwenye korongo la nje ya kijiji, nikasimama, nikavua helmeti, kwa kuwa kofia sikuwa nayo. Hapakuwa na Mzee Masunga wa kunilazimisha.

"Minza," nikasema, "leo hukunyanyuka. Wabeja, Minza."

Nililia kidogo, nikacheka kidogo, nikaendelea na safari. Majibu ya maabara yalipokuja, kilikuwa kimeta. Tulichanja ng'ombe wa kijiji kizima, na ng'ombe mwingine alipokufa kwa namna ile kwenye boma jingine, nilifika nikakuta shimo limeshachimbwa na kigoda changu kimewekwa.

Miaka mingine ilipita kama inavyopita, chanjo, ukame, mapele ngozi, fomu. Mwezi uliopita mkaniandalia sherehe ya kuniaga, katika ukumbi pale Bariadi. Mliokuwepo mnakumbuka. Mgeni rasmi, aliyetoka mbali na hakuwa akinifahamu, alisimama na karatasi, akaeleza kwa sauti nzuri jinsi nilivyochimba mabwawa, nikasambaza vifaranga vya sato, na kuwafundisha wavuvi matumizi ya nyavu halali. Mtu alikuwa amempa hotuba ya mstaafu mwingine. Wengi wenu mliinamia soda zenu. Mume wangu, Mwalimu Shija, aliyekaa kando yangu, alinong'ona, "Acha tu. Watu wanataka kula."

Ningeacha. Minza wa zamani angepokea samaki wa mtu na kusema asante. Lakini nilipopewa kipaza sauti, nikajikuta nimevua kilemba.

"Mheshimiwa, samaki siwajui, na maji nayaogopa," nikasema. "Naomba nitaje yangu."

Nikataja. Nikasema nimezalisha ng'ombe wengi na sijampiga hata mmoja. Nikasema nilihasi dume akazaa watatu, na nilirudi kukiri. Nikasema mimi ni mzito, na siku moja huko Kimali uzito huo ulilinda harusi nzima. Nikawasimulia, fahali, mwavuli, kuku na jembe. Sikuongeza kitu. Nilipomaliza nikasema, "Wabeja, Minza," nikakaa. Mgeni rasmi alikunja karatasi yake vipande vinne, akasimama, na ndiye aliyeanza kupiga makofi.

Jioni ile, kwenye gari la kukodi kurudi nyumbani Nyashimo, Mwalimu Shija alitazama dirishani mpaka tukaikaribia barabara ya Musoma. Nikadhani amekasirika kwa sababu nilimpuuza.

"Hiyo habari ya fahali," akasema hatimaye. "Ilitokea tukiwa tumeshaoana?"

"Ndiyo."

"Nilikuuliza siku hiyo. Nakumbuka, ulirudi una vumbi mpaka kwenye kope. Nikakuuliza kazi ilikuwaje."

"Nilikujibuje?"

"Ulisema, 'Leo sijafanya kitu. Nimeshinda nimekaa.'"